Siagi au mafuta ya mbegu: lipi la kuweka jikoni Bukavu?

Mdogo wangu anakaa Brussels. Miezi michache iliyopita alimtumia Mama sauti ya WhatsApp ya dakika saba, akimweleza kwamba mafuta ya mbegu ni sumu: alizeti, soya, mahindi, yote. "Mama, rudi kwenye siagi, kama wazee wa zamani." Mama ana tansio, yaani shinikizo la damu, anakunywa vidonge kila asubuhi, na daktari alikuwa ameshamwambia kinyume chake: apunguze siagi na kila mafuta yanayoganda. Akaniita. Mimi nafundisha biolojia, basi kwake kila swali la mwili ni langu. "Wewe mwalimu, nimsikilize nani?"

Swali hilo nimelibeba kama deni. Nimesoma tafiti za pande zote mbili, kisha nikakaa jikoni kwa Mama na chupa, sufuria na kijiko. Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: kwa mtu mzima, na zaidi kwa mwenye tansio, kisukari au kolesteroli iliyopanda, mafuta ya mbegu ni salama kuliko siagi. Lakini sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hatuchagui kati ya vitu viwili tu. Kuna mawese, kuna majarini, na kuna lile karai la barabarani ambalo mafuta yake hayajabadilishwa tangu Jumatatu. Ukizungumzia siagi na alizeti bila kugusa hayo matatu, umemjibu mtu wa Brussels.

Chupa mbili dirishani

Mwezi wa sita asubuhi huwa na baridi huku kwetu. Dirishani kwa Mama kulikuwa na chupa mbili, moja ya mawese yaliyotoka Fizi, nyingine ya alizeti. Mawese yalikuwa yamejigawa: chini rojo zito la rangi ya machungwa, kama uji uliolala, juu maji mekundu yanayotikisika. Alizeti ilikuwa safi kabisa, ungeweza kusoma kalenda ya ukutani kupitia chupa. Siagi kwenye sahani ilikuwa ngumu, kisu kilisimama ndani yake.

Somo zima limo humo. Kinachoganda zaidi ni mafuta yaliyoshiba. Minyororo yake imenyooka, hivyo inapangana vizuri kama mzigo wa kuni zilizonyooka. Mafuta yasiyoshiba yana vikunjo, kama kuni zenye matawi yaliyopinda. Hata ukizifunga kamba hazikai, ndiyo maana yanabaki majimaji. Mawese yana yote mawili, karibu nusu kwa nusu, na baridi ya asubuhi inayatenganisha mbele ya macho yako.

Sasa, usidhani siagi inaganda ndani ya mishipa kama inavyoganda kwenye sahani. Mwilini kuna joto na kazi inafanyika kwenye ini. Ini lina vipokezi vinavyonasa kolesteroli ya LDL, ile inayopenya kwenye kuta za mishipa, na kuitoa katika damu. Ukila mafuta mengi yaliyoshiba, vipokezi hivyo vinapungua, LDL inabaki ikizunguka, na mwaka hadi mwaka inajijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo na ubongo. Mafuta yasiyoshiba, hasa asidi ya linoleiki iliyojaa kwenye alizeti na soya, hufanya kinyume: LDL inashuka. Hilo limepimwa mara nyingi sana, na hata wanaoyapinga mafuta ya mbegu hawalikani.

Haya ndiyo yaliyomo katika kijiko kimoja cha chakula, gramu 14 hivi, kwa makadirio:

| | Siagi | Alizeti | Soya | Mawese mekundu |
|---|---|---|---|---|
| Kalori | 100 | 125 | 125 | 125 |
| Mafuta yaliyoshiba | g 7 | g 1.5 | g 2 | g 7 |
| Yasiyoshiba ya aina ya linoleiki na jamaa zake | chini ya g 1 | g 9 | g 8 | g 1.3 |
| Kolesteroli | mg 30 | 0 | 0 | 0 |
| Kinachoyatofautisha | vitamini A kiasi | vitamini E nyingi | omega-3 kidogo | karotini nyingi sana |

Tazama mstari wa kwanza kabla ya kushangilia alizeti. Siagi ina kalori pungufu kwa sababu tu sehemu yake, kama asilimia 16, ni maji. Mtu anayemimina alizeti kwenye sombe (majani ya muhogo) bila kupima kwa kuwa "haina kolesteroli" atanenepa, na unene wenyewe unapandisha tansio. Shangazi yangu wa Kadutu alifanya hivyo mwaka mzima. Aliambiwa mafuta fulani ni mazuri, akasikia kwamba mengi ni mazuri zaidi.

Siagi ina haki yake

Sitaki kuionea siagi. Ni chakula cha kale, nyanda za Kabare na Walungu zina ng'ombe tangu zamani, na bibi zetu walijua kusuka maziwa kwenye kibuyu kabla ya chupa yoyote ya plastiki kufika sokoni. Ina vitamini A iliyo tayari kutumika mwilini. Na haiui kwa kipande cha mkate. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti zenye watu 636,151 kutoka nchi mbalimbali, wakakuta uhusiano wa siagi na vifo ni mdogo mno, na ule wa siagi na magonjwa ya moyo hawakuuona. Mdogo wangu alinitumia utafiti huo kwa furaha, na alikuwa na haki ya kuutuma.

Ila swali la Mama halikuwa kama siagi ni sumu. Aliuliza kipi kati ya viwili. Na hapo tafiti zinazolinganisha ndizo zenye uzito. Mwaka 2025 ulitoka uchunguzi wa Marekani uliofuatilia watu wazima 221,054 kwa muda uliofika miaka 33. Waliokula siagi nyingi zaidi walikufa kwa kiwango cha juu kwa asilimia 15 kuliko waliokula kidogo zaidi. Waliotumia mafuta ya mimea kwa wingi walikuwa chini kwa asilimia 16. Watafiti walikadiria kwamba kuweka mafuta ya mimea mahali pa gramu 10 za siagi kwa siku, kipimo kisichofika kijiko, kunaendana na kupungua kwa vifo kwa asilimia 17.

Ni utafiti wa kutazama, si wa kujaribu. Mpenda siagi anaweza kuwa pia mvuta sigara, au mtu asiyetembea, na hata ukisawazisha hesabu hubaki shaka. Kwa hiyo nilitafuta majaribio, yale ambayo watu wamegawanywa kwa kura, hawa wale hivi na hawa vile. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya afya, yalijumlisha majaribio 15 yenye watu zaidi ya 56,000: kupunguza mafuta yaliyoshiba kwa miaka miwili au zaidi kulipunguza mashambulizi ya moyo, kiharusi na jamaa zake, yakihesabiwa pamoja, kwa karibu asilimia 17. Idadi ya vifo kwa jumla haikubadilika sana katika muda huo. Kwangu mimi, mtoto wa mama mwenye tansio, kiharusi kisichokuja ni faida tosha. Nimeona jirani alivyolala upande mmoja miaka minne, binti yake akimlisha kwa kijiko.

Jambo moja la kushika: faida inaonekana pale mafuta yaliyoshiba yanapoachia nafasi kwa mafuta yasiyoshiba. Ukiondoa siagi ukaongeza mkate mweupe na chai ya vijiko vinne vya sukari, hujafanya chochote.

Hoja za mdogo wangu, moja moja

Alinipigia usiku. Huniita Yaya, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. "Yaya, umesoma Minnesota?"

"Nimesoma."

"Na Sydney?"

"Na Sydney."

Ni hoja nzito, nami sitazifunika. Jaribio la Minnesota lilifanyika kuanzia 1968 hadi 1973, likiwa na watu 9,423, na mafuta ya mahindi yakachukua nafasi ya mafuta ya wanyama. Takwimu zake zilichambuliwa upya na kuchapishwa mwaka 2016: kolesteroli ilishuka kweli, lakini vifo havikupungua. Lile la Sydney lilikuwa na wanaume 458 waliokwisha kuugua moyo. Uchambuzi mpya wa 2013 ulionyesha kwamba waliopewa mafuta ya alizeti-pori (carthame, si alizeti yetu) na majarini yake walikufa zaidi.

Nilimwambia hivi: majaribio hayo ni ya enzi ambayo majarini ilikuwa imejaa mafuta geuzi, yale yanayotengenezwa kwa kuyasukumia mafuta ya mbegu hidrojeni ili yagande nusu. Mafuta geuzi ni mabaya kuliko siagi. Hilo halina ubishi leo, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilizitaka nchi zote kuyaondoa kwenye chakula. Tena wagonjwa wengi wa Minnesota walikaa kwenye jaribio kwa mwaka mmoja au chini yake, na mishipa haisafishiki kwa mwaka. Hayo hayafuti matokeo. Yananifanya nisiyajengee nyumba nzima juu yake.

Hoja yake ya pili ilikuwa uvimbe wa ndani: kwamba linoleiki ni omega-6, aina moja ya mafuta yasiyoshiba, inageuka kuwa asidi nyingine inayochochea uvimbe, na uvimbe unaharibu mishipa. Kwenye karatasi njia hiyo ipo, hata mimi naifundisha. Lakini mwili unaibana. Watu waliolishwa linoleiki zaidi katika majaribio hawakuonyesha dalili za uvimbe kupanda kwenye damu. Na mwaka 2019 watafiti walipojumlisha tafiti 30 zilizopima linoleiki ndani ya damu au mafuta ya mwili wenyewe, bila kumuuliza mtu alichokula, wenye nyingi ndio waliougua kidogo magonjwa ya moyo na mishipa. Kama ingekuwa sumu, ingejionyesha hapo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonikamata, na aliisema kama jambo la pembeni: "Na yale mafuta ya sambaza?"

Karai la jioni

Nenda kando ya ziwa, upande wa Muhanzi, saa kumi na mbili jioni. Mbabula, jiko la makaa, inawaka, karai limejaa, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zinaingia kiganja kwa kiganja. Nilisimama karibu nikatazama mafuta badala ya samaki. Yalikuwa na rangi ya kahawa. Povu lilipanda, na samaki walipotolewa halikushuka. Moshi ulianza kabla dada anayekaanga hajaongeza makaa. Pembeni ya karai kulikuwa na utando unaonata kama gundi, na harufu ile inayokwama kooni ukifika nyumbani.

Nilimuuliza mafuta hayo yana siku ngapi. Alinijibu bila kuficha: "Yaya, niyatupe namna gani? Bado iko na nguvu." Anaongeza mapya juu ya yaliyobaki, kila siku. Simlaumu, bidoni, yaani dumu la mafuta, ni ghali na faida ya sambaza ni ndogo.

Hapa mdogo wangu yuko sahihi kuliko anavyojua. Vile vikunjo vinavyoifanya alizeti kuwa nzuri kwa ini ndivyo vinavyovunjika kwanza motoni. Hewa inaingia, mafuta yanakatika vipande, na vipande hivyo ni pamoja na aldehidi, kemikali zinazokera mwili na kuharibu chembe zake. Alizeti iliyochemshwa mara kumi haina tena sifa za ile iliyo kwenye jedwali langu. Kwa kukaanga kwenye mafuta mengi, tena kwa kurudia, mawese huvumilia kuliko alizeti au soya, kwa kuwa vikunjo vyake ni vichache. Ufaransa sheria inaweka kikomo: vitu vilivyoharibika vikizidi asilimia 25, mafuta yanamwagwa. Sisi hatuna kipimo mkononi, lakini tuna macho na pua: rangi nyeusi, povu lisiloshuka, moshi wa mapema, utando unaonata. Ukiona mawili kati ya hayo, yamwage. Nyumbani chuja mafuta yakipoa, yafunike, yatumie tena mara moja au mbili, wala usichanganye mapya na ya zamani.

Na siagi kwenye moto? Ndiyo dhaifu kuliko zote. Ile sehemu ya maziwa iliyobaki ndani yake inaungua kwenye nyuzi 150 hivi, na mbabula haina kitufe cha kupunguza. Samli inavumilia kwa kuwa imetolewa maziwa, ila imeshiba kuliko hata siagi. Kwa moyo, samli haimsaidii Mama.

Mawese, ambayo kila mtu anayasahau

Watu wanaobishana mtandaoni hawana sombe mezani. Sisi tunayo, na sombe bila mawese ni majani tu. Basi mawese yakae wapi?

Kwanza, si mafuta ya mbegu. Yanatoka kwenye nyama ya tunda. Mbegu yake ina mafuta mengine, yaliyoshiba zaidi ya asilimia 80. Pili, kwa moyo yanafanana na siagi kuliko alizeti, jedwali linaonyesha. Mwenye kolesteroli ya juu asiyafanye ya kila siku. Lakini mawese mekundu yana karotini kati ya miligramu 500 na 700 kwa kilo, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na inafyonzwa vizuri kwa kuwa iko tayari ndani ya mafuta. Mtoto asiyepata nyama, maini wala maziwa, kijiko cha mawese mekundu kwenye maharagi au uji kinamlindia macho na kinga ya mwili. Alizeti haina kabisa. Siagi inayo, lakini mama gani wa Bagira atanunua siagi ya kila siku kwa watoto watano?

Kwa mtoto mdogo, hofu ya mafuta inageuka hatari. Tumbo lake ni dogo, bugali inajaza bila nguvu ya kutosha, na mafuta ndiyo yanayobeba kalori katika sahani ndogo. Pendekezo la mafuta yote yasizidi asilimia 30 ya nguvu yote Shirika la Afya Duniani limeliweka kwa watu wazima, na lile la yaliyoshiba yasizidi 10 kwa watu wazima na watoto kuanzia miaka miwili. Wa chini ya hapo usimbanie.

Na tafadhali, tusiyaunguze mawese. Shangazi huyohuyo wa Kadutu huyachemsha mpaka wekundu unapotea, "yasitie rangi kwenye wali". Ule wekundu ndio karotini. Akimaliza, amebaki na mafuta ambayo karibu nusu yameshiba, bila karotini, na moshi jikoni.

Ukifika sokoni

Bidoni nyingi zimeandikwa "huile végétale" (mafuta ya mimea) tu. Neno hilo halimaanishi alizeti. Mara nyingi ndani ni mawese yaliyosafishwa na kupaushwa: karotini imeondoka, mafuta yaliyoshiba yamebaki zaidi ya theluthi. Tafuta neno "tournesol" (alizeti) au "soja" (soya) kwenye orodha ya viungo, si kwenye picha ya ua. Kama umenunua kwa kipimo bila lebo, weka kidogo kwenye firigo usiku: alizeti itabaki safi, mawese yaliyopaushwa yataingia ukungu au kuganda.

Majarini ya kopo nayo isome. Ukiona "partiellement hydrogénée", yaani imesukumiwa hidrojeni nusu, irudishe kwenye rafu hata ikiwa bei ni nusu. Kati ya majarini hiyo na siagi, chukua siagi bila kufikiri. Majarini laini isiyo na maneno hayo ni sawa kwa mkate, ingawa kwa ladha siagi inaishinda mbali.

Usichukue chupa iliyosimama juani mbele ya kibanda. Mwanga unaharibu mafuta ya mbegu hata kabla hujayafungua. Omba iliyo ndani, kwenye kivuli. Nunua ndogo unayoimaliza mwezi huu.

Kwa Mama tulikubaliana hivi. Chupa ya alizeti au soya ni ya kila siku, na inamwagwa kwa kijiko, si kwa mkono. Mawese ni ya sombe, mara mbili kwa wiki, mekundu vilevile yalivyotoka Fizi, na watoto wa dada wakija wanapata zaidi yake. Siagi ni ya Jumapili, kwenye mkate na chai, kipande chembamba cha kumfurahisha. Sambaza anazikaanga mwenyewe kwenye kikaango kidogo chenye mafuta ya kulowesha chini tu. Mdogo wangu alipopiga tena, Mama alishika simu kwa mkono mmoja na kijiko kwa mwingine. "Hapana, mwanangu, siagi sijaiacha," nilimsikia akisema. "Nimeipa siku yake."